Meko ya Njano Nyumbani kwa Petro

Siku mliyoniaga pale karakana mliniomba niseme maneno mawili matatu, nami nikasema asanteni nikakaa. Mdomo ulikuwa umejaa keki. Nilichotaka kusema ni hiki ninachokiandika sasa, niko nyumbani Buger, sina tena mtu wa kunipigia honi asubuhi.

Nyinyi vijana mnanijua kama fundi wa kuta za ofisi na mapaa ya mabati. Miaka ya mwanzo nilikuwa mtu wa meko. Kule juu Ngorongoro, ukingoni mwa kreta, baridi haina mzaha, na nyumba nyingi za wafanyakazi zilijengwa na meko ya ukutani: tundu la matofali sebuleni, bomba la moshi likipanda hadi juu ya paa. Nyumba za zamani za mashamba ya kahawa, Karatu na Oldeani, nazo zilikuwa nayo. Siku hizi watu wanaweka mtungi wa gesi jikoni na televisheni pale palipokuwa na moto. Sisi tuliosafisha matundu yale tumebaki wachache, na wengine kifua hakiwaruhusu kusimulia.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, najua kulima ngano na maharage, na nilidhani kupaka rangi ni kazi ya mtu anayesimama mahali pasafi. Fundi mkuu alikuwa Mzee Hhando, Mwiraqw mwenzangu kutoka upande wa Mbulu, mrefu, mwenye kope zilizoingia chokaa isitoke tena. Alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Brashi umewahi kushika?"

"Ya viatu, mzee."

Hakucheka. Alinipa ndoo ya maji ya magadi, brashi ya waya na gunia, akanionyesha tundu la meko. "Ingia humo. Ukinionyesha tofali lenye rangi ya tofali, tutazungumza habari za rangi."

Wiki zile za kwanza niliishi zaidi ndani ya meko kuliko nje. Masizi ya kuni za msituni yana mafuta, yanashika kama lami. Unayakwangua kwa skrepa, unayasugua kwa magadi, unasuuza, unangoja ukuta ukauke, unasugua tena. Fundi mvivu anapaka juu yake, ukuta unang'aa siku ya kukabidhi, na mwezi haujaisha doa la kahawia linatokeza kama limeitwa kwa jina. Nilipokwenda nyumbani Jumapili mama alinishika sikio akachungulia ndani. Alidhani nimeacha kazi ya serikali nachoma mkaa.

Mzee Hhando hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno mengi. Alikuwa na brashi moja pana ya manyoya ya nguruwe, imechakaa upande mmoja kwa namna ya mkono wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Jioni aliiosha mwenyewe, akaifunga karatasi, akaiweka ndani ya koti. Ukikosea, alikuja akasimama nyuma yako. Ukigeuka yupo. Ukirudi kwenye ukuta, unajua tayari ulipokosea. Mara moja tu nilimwona akipoteza heshima yake, tulipokuwa tunasafisha bomba la nyumba moja kuukuu huko Oldeani na kumbe ndani yake mlikuwa na nyuki. Tulikimbia katikati ya mikahawa, yeye mbele na ngazi begani. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuiacha ngazi, alisema ngazi ni mali ya umma.

Baada ya vita na Amin rangi iliadimika. Sabuni iliadimika, sukari iliadimika, hivyo hakuna aliyetuonea huruma sisi wa rangi. Stoo ilikuwa na chokaa, na makopo machache ya kijivu yaliyoganda juu. Ndipo Petro alipokuja karakana.

Petro alikuwa dereva wa Landrova, kijana wa Baray, kicheko chake unakisikia kabla ya gari. Miaka yote ndiye aliyekuwa akitupandisha Ngorongoro na ndoo zetu. Alikuwa ameoa karibuni, binti wa Kimasai aitwaye Naserian, kutoka Ololosokwan, aliyekuwa akifundisha elimu ya watu wazima pale juu. Ndoa ile ilikuwa na maneno. Baba yake Naserian alisema hana binti wa jina hilo, akafunga mjadala. Wawili wale wakaanza maisha yao katika nyumba ya dereva, yenye meko meusi yaliyopakwa kijivu cha mafuta na mtu aliyewatangulia, kijivu chenyewe kikibanduka kama ngozi ya mjusi.

"Mzee," Petro alisema, "mke wangu anaomba rangi kwenye meko."

"Ipo nyeupe na ipo kijivu."

"Anasema mwezi mzima hajaona jua kwa ukungu. Anataka njano."

Mzee Hhando alimtazama kama mtu aliyeagiza samaki buchani. "Njano nitaitoa wapi?"

"Kwetu," Petro akasema. "Korongo la kwetu Baray. Mama zetu wanakandikia nyumba kwa udongo wa njano tangu zamani. Ukichanganya na chokaa si inashika?"

"Inashika," Mzee akasema, na nikaona anafurahi, maana alianza kutafuta kosa kwenye skrepa yangu.

Siku ambayo Petro alikuwa na zamu ya kupeleka watu Baray, nilifuatana naye. Alivua shati akashuka korongoni, akachimba kwa mikono kwa sababu jembe, alisema, linachanganya na mchanga. Matope yalimfika viwikoni. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya sana. Kila akipata donge zuri aliliinua juu anionyeshe: "Fabiano! Tazama hili! Hili ni la karibu na dirisha!" Tulirudi na magunia mawili, na Landrova ya watu ikiwa njano ndani kote.

Kijivu kile tulikikwangua chote mpaka kwenye tofali, kwa sababu chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Udongo tuliuanika, tukautwanga, tukauchekecha kwa kitambaa. Mzee aliuchanganya na chokaa iliyokwisha kulala pipani muda mrefu, chumvi kidogo, halafu akaomba maziwa yaliyoenguliwa mafuta, ili rangi isihamie kwenye nguo ya mtu anayeegemea. Naserian alishika mdomo.

"Maziwa? Ukutani?"

"Kidogo tu, mama."

"Mzee, mama yangu akisikia nimenywesha ukuta maziwa, atakuja kwa miguu kunichapa." Lakini aliyaleta, na akacheka, na Petro akacheka zaidi yake.

Tulipaka tabaka nyembamba nyembamba. Tundu lenyewe la moto hatukuligusa, tuliliacha tofali tupu. Ukungu ulikuwa mzito, ukuta haukutaka kukauka, na Mzee aliwakataza kabisa kuwasha moto. Wakakaa ndani ya baridi ile na mashuka mabegani, wanatazama meko yao mapya. Kila lori letu lilipopanda, Mzee aligusa ukuta kwa mgongo wa mkono, akatikisa kichwa. Siku alipokubali, yeye mwenyewe alimwashia Naserian vijiti vichache, moto mdogo wa kuupasha ukuta taratibu. Njano ile iliwaka chumba kizima. Sijui niielezeje. Nje ulikuwa huoni mti wa hatua chache, na ndani umesimama kama shambani saa nne asubuhi. Naserian aliweka kiganja ukutani, akakiangalia, kilikuwa safi. Petro alikuwa amesimama nyuma yake na hakusema mzaha wowote.

Nimepaka kuta nyingi. Ile ndiyo niliyoipenda.

Masika ya mwaka uliofuata, Petro alikuwa akitoka Endulen amebeba mgonjwa. Barabara ya ukingoni ilikuwa matope matupu, na ukungu. Gari liliteleza. Mgonjwa alitolewa na mkono uliovunjika. Petro alitolewa amekufa.

Tulimzika kwao Baray. Naserian alikuwa na mimba kubwa. Alisimama kaburini bila kulia, na wanawake wa kwao Petro walinong'ona juu ya hilo, lakini mimi nilikuwa karibu, niliona jinsi alivyokuwa ameshika mkono wake mmoja kwa mwingine. Kaka zake Petro walimwambia abaki pale, watamtunza. Waliyasema kwa moyo mweupe. Yeye aliomba arudi kwanza Ngorongoro.

"Hapa nitakuwa mjane wa ndugu yao," alimwambia Mzee Hhando garini. "Nataka kwanza niwe mtoto wa mama yangu." Alikuwa ametuma salamu Ololosokwan kwa madereva wa malori ya ng'ombe. Jibu lilikuwa halijaja.

Nyumba ile ilikuwa ya dereva, na dereva mpya alikuwa ameshafika. Mke wake na watoto walikuwa wamejibana kwenye stoo ya jirani inayovuja. Msimamizi wa nyumba, tuliyemwita Bwana Nyumba, alikuja karakana mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alizungusha kofia mikononi.

"Mzee Hhando, nyumba ya marehemu inatakiwa kupakwa nyeupe, yote, pamoja na yale meko. Mama yule inabidi atoke. Nina watoto wanalala kwenye maji kule."

"Tutaanza kesho," Mzee akasema.

Tulianza na chumba cha nyuma, kisha jiko, halafu tukasimama. Bwana Nyumba alipokuja kukagua, Mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo.

"Vipi mbona hamuendelei?"

"Nyumba ina unyevu. Siwezi kuingia sebuleni kabla vyumba hivi havijakauka."

"Vitachukua muda gani?"

"Ukungu ukiondoka, muda mfupi. Usipoondoka, usiniulize mimi, uulize mlima."

Bwana Nyumba alitazama ukuta, akamtazama Mzee, akatazama mlango wa sebule ambao nyuma yake Naserian alikuwa amelala. "Basi ukikauka mtaniambia," akasema, akavaa kofia. Siku hiyo hiyo alihamisha familia ya dereva kutoka stoo akaiweka kwenye ofisi yake, yeye akawa anafanyia kazi barazani.

Tulipokuwa tunashuka na lori nilimwambia Mzee, "Chokaa ile ilikauka jana."

"Najua," akasema. Yule alikuwa mtu ambaye hata ngazi hakuiacha kwa nyuki.

Mama yake Naserian alifika kwa lori la ng'ombe, amekaa mbele na dereva, shanga zake zimejaa vumbi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mzee kuliko nilivyomtarajia. Mzee Hhando alisimama, akamwamkia kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, akimwita mama.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," aliitika, akapita.

Naserian alikuwa ameketi karibu na moto. Hakuinuka, nadhani hakuweza. "Baba amesemaje?" aliuliza kwa Kiswahili, sijui kwa nini kwa Kiswahili. Labda kwa Kimaa swali lingekuwa zito mno.

"Baba yako hajasema neno," mama akajibu, Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nimekuja." Kisha akakaa chini, akamvuta binti yake kichwa akakilaza mapajani, na hapo ndipo Naserian alilia, kilio cha kaburini kilichokuwa kimechelewa. Sisi tulitoka nje tukaosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Mtoto alizaliwa pale pale sebuleni, mchana, mkunga wa zahanati na bibi wakisaidiana. Alikuwa msichana. Tulikuwa upande wa pili wa ukuta, na tulipomsikia, Mzee Hhando alianza kukohoa, na alikohoa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Naserian alipopata nguvu, walisubiri lori la kurudi Loliondo, upande wa kwao. Likapatikana. Asubuhi ya safari vitu vyao vilikuwa vimefungwa mlangoni, na kilichobaki katika nyumba nzima ni meko. Niliingia na ndoo ya chokaa. Naserian alikuwa amesimama mbele ya meko hayo.

"Nipe brashi," akasema.

"Mama, si kazi yako hii. Pumzika, lori liko njiani."

"Fabiano, nilikuwepo ilipopakwa. Sitaki niondoke ndipo mtu aifunike. Nipe."

Nilimtazama Mzee Hhando. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa ile brashi yake, akaifungua karatasi, akampa.

Bibi alimbeba mtoto mgongoni. Mzee alisimama nyuma ya Naserian kama alivyosimama nyuma yangu miaka yote, ila safari hii alisema. "Usichovye sana. Hivyo. Shuka nayo, usirudi juu. Mkono usikaze, mama, ukuta haukimbii." Naserian alipaka polepole. Katikati ya ukuta mkono ulisimama, Mzee akangoja. Hakuichukua brashi. Naserian akaendelea. Alimaliza hadi chini, kwenye pembe ambayo Petro alikuwa ameipaka mwenyewe vibaya, akaipitia kwa uangalifu kuliko kwingine kote.

Kisha akarudi nyuma na kushangaa. "Mbona bado iko?"

Ni hivi, kwa wale ambao hamjawahi kufanya kazi na chokaa. Chokaa ikiwa mbichi ni kama maji, unaona kilicho chini yake. Weupe unakuja inapokauka. Naserian alikuwa amepaka ukuta mzima, na njano ilikuwa mbele yake bado, yote, tena inang'aa zaidi kwa ule unyevu.

"Ndivyo ilivyo," Mzee akasema. "Inataka muda."

Lori likapiga honi. Naserian alimrudishia brashi kwa mikono miwili. Alimchukua mtoto mgongoni kwa bibi, akampakata, akasimama naye dakika chache mbele ya meko, uso wa mtoto umeelekea ukutani. Kisha wakatoka. Mzee aliwasindikiza hadi kwenye lori. Mimi nilibaki kukusanya vyombo, kwa hiyo ni mimi niliyekuwepo. Weupe ulianzia juu, karibu na dari, ukashuka. Jioni dereva mpya alipowaleta watoto wake, wakikimbia chumba hadi chumba kwa furaha ya mahali pakavu, meko yalikuwa meupe kama ukuta mwingine wowote.

Mzee Hhando hakukaa sana kazini baada ya hapo. Kifua kilikataa. Masizi na chokaa, daktari alisema, na Mzee akajibu kwamba angeshangaa kama ingekuwa kitu kingine. Alikufa kwao majira ya baridi. Nyinyi vaeni vile vitambaa vya pua mnavyopewa. Najua vinawasha.

Miaka ilipita, watoto wa shule walikuwa wameacha zamani kuimba kumuaga rais wa kwanza. Siku moja nilikuwa mnadani Karatu, nachagua kondoo, nikasikia jina langu. Alikuwa Naserian. Alikuwa amevaa mavazi ya kwao, amenenepa kidogo, na pembeni yake msichana mrefu mwembamba. Tulisalimiana, tukashikana mikono muda mrefu. Aliniambia anafundisha watoto kusoma kule Ololosokwan. Baba yake alikuwa amefariki. Hakuwahi kumsemesha, lakini mwaka wa mwisho alikuwa akimwita mjukuu ampelekee chai.

"Na Mzee?" aliuliza.

Nilimwambia. Aliangalia chini.

"Yale meko," akasema baadaye, "yalikuwa meupe lini?"

"Jioni ile ile."

"Nashukuru sikuyaona."

Msichana alikuwa akimvuta mama yake shuka. "Mama, huyu ni nani?"

"Ni fundi Fabiano. Alimjua baba yako."

Msichana aliacha kuvuta. Nilielewa kwa jinsi alivyonigeukia kwamba kule alikokulia jina la Petro halikuwa likisemwa mara nyingi, na kwamba mama yake alikuwa amemwambia yote aliyoweza kuyasema bila kuvunjika. Alikuwa na paji la uso la Petro kabisa.

"Alikuwaje?" akauliza.

Nikaacha kondoo. Nilimwambia baba yake alicheka kwa sauti hata gari likawa halisikiki. Nilimwambia jinsi alivyovua shati akashuka korongoni, matope hadi viwikoni, akiimba vibaya, na kila donge akiliinua juu. Nilimwambia alikuwa dereva makini, kwamba siku ile ilikuwa barabara, si yeye. Nilimwambia jinsi alivyosimama kimya nyuma ya mama yake siku moto ulipowashwa. Nikatafuta kingine. Nilimwambia alipenda chai yenye tangawizi. Nikatafuta tena, nikajikuta nimemaliza yote niliyoyajua, naye bado ananitazama.